Masaa ya anko ya jeshini na kalamu nyekundu

Nimekuwa kimya kama wiki tatu hivi na sababu ni anko. Huyu ni kaka yake mama, rubani wa Jeshi la Anga aliyestaafu 2009, anakaa Lang'ata mahali ukifungua dirisha unasikia kila kitu kinachotoka uwanja wa ndege wa Wilson, na juzi akaamua anataka kufundisha vijana kuruka. "Nimechoka kulisha kuku," ndo maneno aliniambia kwa simu. Sawa, lakini kufundisha kunataka leseni ya kiraia, leseni inataka masaa ya kuruka, na masaa yake yote yameandikwa kijeshi. Na kwa familia yetu mtu mwenye leseni na logibuku (kile kitabu rubani anaandikia masaa yake) ya kiraia ni mimi peke yangu, kwa hivyo Jumamosi tatu mfululizo nimekuwa kwa meza yake na laptopu, rula, kalkuleta na chupa ya chai ambayo shangazi anajaza kabla hata haijaisha.

Vitabu vyake vya masaa ya jeshi ni vitatu, jalada gumu, karatasi imegeuka rangi ya uji. Cha kwanza kinaanza 1988 na Bulldog, ile ndege ndogo ya mafunzo ya viti viwili kando kwa kando, injini moja ya pistoni. Alafu anaingia Buffalo, injini mbili za tabopropu, mkia mrefu juu kama twiga, na hapo ndo alizeekea. Kitu kilinifurahisha ni mihuri. Miaka ya kwanza muhuri unasema 82 Air Force, alafu kuanzia 1994 unasema Kenya Air Force, na kama hujui historia utadhani mtu alibadilisha mwajiri. Hapana, ni lile lile jeshi, lilivunjwa baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982 likaundwa upya kwa jina hilo lingine, na jina la zamani likarudi 1994. Nikamwambia anko tuandike notisi fupi kwa ukurasa wa kwanza ili kijana atakayekagua, pengine amezaliwa 1999, asishangae. Anko akasema "1999 nilikuwa tayari nina mvi."

Sasa shida ya kwanza, na ndo kubwa. Sisi huku kwa uraia saa inaanza kuhesabika ndege ikisonga mara ya kwanza kwa ajili ya kupaa na inaisha ikisimama mwisho wa safari. Hiyo ni maana ya ICAO, shirika la kimataifa la usafiri wa anga, na dunia nzima inaijua. Kwa vitabu vya anko saa inaanza magurudumu yakiachana na lami na inaisha yakigusa tena. Yaani kuteksi yote, ndege ikitembea chini, kusubiri kwote, haipo. Nikamweleza kwamba asubuhi Wilson naeza kaa robo saa nyuma ya ndege nne za Caravan nikingoja zamu ya ranwei na hiyo robo saa yote inaingia kwa logibuku yangu kihalali. Akaniangalia juu ya miwani. "Kwa hivyo nyinyi mnaandikiwa masaa kwa kukaa foleni." Sikuwa na jibu.

Lakini aliposhika hiyo maneno akaishika kweli. Jumamosi iliyofuata nampata amesoma kwa simu usiku kucha, ameona kwamba Marekani kuna mashirika ya ndege yanamkubalia rubani wa jeshi aongeze 0.2 ama 0.3 ya saa kwa kila safari ili kufidia kuteksi, na ameona pia kwamba kule rubani wa jeshi anaweza pata ile leseni ya juu yenye masharti akiwa na masaa 750 badala ya 1500. Ameshapiga hesabu nyuma ya bahasha ya bili ya maji. Anataka tuongeze 0.3 kwa kila mstari.

Nikamwambia anko, ya 750 ni sheria ya Marekani na wewe uko Lang'ata. Na hiyo 0.3 si ya logibuku, ni ya fomu ya kuombea kazi, kila kampuni na kiwango chake, nyingine haitaki kabisa, wanataka masaa ghafi wafanye hesabu wenyewe. Ukishaichanganya ndani ya kitabu huwezi tena kuitoa. Alafu angalia vile inafanya kazi: rafiki yako wa F-5, ile ndege ya kivita, safari zake ni fupi, saa moja na kitu kidogo, kwa hivyo masaa elfu moja ni kama safari 900, ukimpa 0.3 kila safari umemwongezea masaa 270. Wewe wa Buffalo safari zako ni masaa mawili na nusu, elfu moja ni safari 400, unapata 120. Hapo akanyamaza kwanza, alafu akasema hao watu wa faita siku zote walikuwa wanapendelewa.

Tulichofanya mwishowe ni hiki, na kama uko kwa hali kama yake ndo ningekushauri: masaa yanaingia vile yalivyo kwa kitabu cha jeshi, bila kuongeza hata dakika, na pembeni tumechora kolamu moja ya idadi ya safari kwa kila aina ya ndege. Mtu akitaka kuzidisha kwa 0.2 azidishe, akitaka 0.3 shauri yake, namba ya msingi haijaguswa. Helikopta nayo ni kesi tofauti kabisa manake huku saa inahesabiwa kuanzia mapanga yakianza kuzunguka mpaka yasimame, so mtu wa Puma pengo lake halifanani na la Buffalo, lakini anko hakuwahi kurusha helikopta na anaziita feni kwa hivyo tulipita.

Sasa nije kwa aibu yangu. Kitabu cha kwanza kimeandikwa masaa na dakika na nukta katikati, 1.45 maana yake saa moja na dakika 45. Mimi nikaziingiza kwa Excel kama desimali, kurasa mbili nzima, najiona nimemaliza kazi. Anko akachukua kalamu, akajumlisha mistari mitatu kwa kichwa: 1.45, 2.50, 0.55. "Masaa matano na nusu." Laptopu inasema 4.50. Saa nzima imepotea kwa mistari mitatu! Nikarudia kila kitu, na wakati huo stima ikapotea, tukaendelea na tochi ya simu. Alafu ukiingia kitabu cha pili ghafla mwandiko unabadilika na kuanzia hapo 2.5 ni desimali kweli, masaa mawili na dakika 30, kila dakika sita ni 0.1. Hakuna mahali imeandikwa tumebadilisha. Dawa tuliyopata ni kuangalia namba baada ya nukta, zikiwa mbili ni dakika, ikiwa moja ni desimali, na mwisho wa kila mwezi unalinganisha na jumla iliyosainiwa na mkuu wake. Zikilingana pale ndo unajua umesoma vizuri.

Na hiyo ni masaa ya muda, bado kuna masaa ya ukutani. Hapa nilicheka mpaka shangazi akatoka jikoni. Kitabu kinaandika Zulu, yaani saa ya Greenwich. Saa ya Nairobi jeshini wanaiita Charlie, masaa matatu mbele. Na anko akisimulia anasimulia kwa Kiswahili kama mtu yeyote, "tulitoka Eastleigh saa moja na nusu." Saa moja na nusu asubuhi ni 0730 Charlie, kwa kitabu ni 0430 Zulu. Kwa safari moja una namba tatu tofauti na zote ni sahihi. Mahali inauma ni safari za alfajiri, ukipaa saa nane usiku ni 0200 ya hapa lakini Zulu bado ni 2300 ya jana, so tarehe ya kitabu na tarehe anayokumbuka anko hazipatani, na tuligombana nusu saa kuhusu harusi fulani ya Machakos kabla tujue sote tuko sawa.

Usiku nao. Zamani walikuwa wanaandika usiku kwa wino mwekundu, desturi ya Waingereza, na ule wekundu sasa umefifia umekuwa waridi, kuna kurasa lazima uinamishe kitabu kwa dirisha ndo uone. Kwa ATPL, ile leseni ya juu ya rubani, wanataka masaa 100 ya usiku kwa hivyo hatungeacha hata moja. Kuna safari ya kutua Mandera saa kumi na mbili na nusu jioni imeandikwa nyekundu na mimi nikasema hii ni makosa, hapa Nairobi saa hiyo jua ndo linazama. Anko akaniuliza Mandera iko upande gani. Iko mashariki, karibu digrii tano za longitudo kutoka hapa, kila digrii dakika nne, kwa hivyo kule giza linatangulia kama dakika 20. Wino ulikuwa sawa. Nilimwagiwa chai kikombe kingine kama pole.

Ya ukapteni ndo ilikuwa ngumu kidogo kwa heshima. Kwa kitabu chake kuna rubani wa kwanza, rubani wa pili, na mafunzo. Kuna kurasa za 1992 mahali yuko rubani wa pili na yeye anasema alirusha yeye, alikaa kiti cha kushoto, alitua yeye. Namwamini kabisa. Lakini kiti cha kushoto si ukapteni. Kapteni ni yule aliyetia sahihi kuchukua ndege, na siku hiyo alikuwa mwingine. Kiraia kuna kitu kinaitwa ukapteni chini ya usimamizi lakini hiyo inatakiwa isainiwe na kapteni mwenyewe, na kapteni mwenyewe tulimzika, anko alibeba jeneza. Tukaandika rubani msaidizi. Akasema, "Andika, mama. Kilichoandikwa ndo kimeandikwa." Kwa upande mwingine masaa aliyofundisha jeshini yote yanaingia kama kapteni na hapo tulipata mengi kuliko alivyodhani, so uso ukarudi.

Unaweza kuuliza mbona tunasumbuka hivi wakati leseni ya biashara inataka masaa 200 tu na mzee ana karibu elfu tatu. Ni kweli. Lakini watataka kujua kwa aina ya ndege, injini moja ngapi, injini mbili ngapi, usiku ngapi, ya kuruka kwa kutegemea vyombo vya ndani ya ndege ngapi, na mstari mmoja ukikataa kujumlika mkaguzi anaanza kuangalia yote kwa jicho lile la askari wa barabarani.

Jumamosi iliyopita tulifika mahali pameandikwa OPS, kifupi cha operesheni. Masaa matatu na dakika 40, Buffalo, rubani wa kwanza, na kwa kolamu ya safari hakuna kutoka wala kwenda, ni hizo herufi tatu tu. Safari nyingine zote za kaskazini zina majina, Wajir, Mandera, Lokichoggio, magunia ya mahindi, wanajeshi, maji, mara mbuzi wawili ambao hakuna mtu aliwahi kukiri ni wa nani. Hii haina. Nikamuuliza mlienda wapi, manake masaa ya safari za mbali yanataka njia ijulikane. Anko akaweka kidole kwa hiyo tarehe, akakaa. Ndege fulani ikapita juu ya paa, akainua kichwa bila kujua kama kawaida yake, akasema "Dash 8," akarudisha macho kwa kitabu.

"Nakumbuka vizuri sana," akasema.

Nikangoja. Hakuongeza kitu, na mimi sikuuliza mara ya pili.

Tumeandika 3:40, rubani wa kwanza, mchana, na kwa njia tumeandika OPS vile vile ilivyo. Kwa safari za mbali haijahesabiwa. Nimepiga kila ukurasa picha, zimekaa kwa simu yangu, kwa yake na kwa barua pepe ya binamu yangu aliye Kisumu, kwa sababu kitabu cha pili tayari kina doa la maji la nyumba iliyovuja enzi hizo na kurasa mbili zimeshikana.

Bado kitabu cha tatu. Anko amesisitiza usiku kwa logibuku mpya uandikwe nyekundu hata kama siku hizi hakuna anayejali, na kalamu yangu imekauka, kwa hivyo kesho nikitoka kazini napitia tao kutafuta nyingine. Amesema nisinunue jeli, inasambaa.