Kiintuishoni cha Sofia

Katika nadharia ya seti za fazi, yaani seti ambazo kitu kinaweza kuwamo kwa kiasi tu, hakuna jina linaloniudhi kama "seti za fazi za kiintuishoni" (kwa Kiingereza, intuitionistic). Neno hilo lina wenyewe: Brouwer na mwanafunzi wake Heyting, wanahisabati Waholanzi. Mantiki yao, ndiyo ya kiintuishoni, inajulikana kwa kutokubali mambo mawili: kwamba kila kauli ni kweli au ukanusho wake ndio kweli, na kwamba ukikanusha mara mbili unarudi ulikoanzia.

Mwaka 1983 Atanassov, wa Sofia huko Bulgaria, akapanua seti za fazi, alizozianzisha Zadeh mwaka 1965. Zadeh alikipa kila kitu namba moja, kati ya 0 na 1, ya kiwango cha kuwamo kwenye seti. Atanassov akakipa mbili, ya kuwamo na ya kutokuwamo, mradi jumla isizidi 1. Kinachobaki ndiyo shaka. Wazo zuri, sina ugomvi nalo. Binti ninayemsimamia tasnifu analitumia kwenye picha za majani ya mpunga: jani lina 0.5 ya kuugua, 0.3 ya kutougua, na kwa 0.2 iliyobaki mfumo haujui useme nini.

Ila tazama ukanusho wake. Namba zinabadilishana nafasi tu: (0.5, 0.3) inakuwa (0.3, 0.5). Kanusha tena, hiyo hapo (0.5, 0.3). Kile alichokikataa Brouwer ndicho kimekaribishwa sebuleni! Na binti wa watu kaandika kwenye rasimu kwamba ukanusho maradufu haufai hapa "kwa kuwa seti ni za kiintuishoni". Simlaumu hata kidogo. Kasoma jina, kaliamini.

Mwaka 1984 Takeuti na Titani nao wakatoa mantiki ya fazi kwa jina hilohilo, na hao linawafaa. Kwao kauli ina namba moja tu ya ukweli: ukanusho wa 0.5 ni 0, na wa 0 ni 1. Kwa hiyo ukiikanusha 0.5 mara mbili unatua kwenye 1, hurudi.

Mwaka 2005 wataalamu wa fazi Dubois, Prade, Hájek na wenzao wawili walilalamikia jina la Atanassov jaridani, Atanassov akawajibu humohumo, na jina likabaki. Wahandisi wamelizoea, na hesabu zao zinatoka.

Mimi siku hizi nikiletewa makala yenye jina hilo naruka utangulizi, natafuta fasili ya ukanusho. Nikikuta namba mbili zinabadilishana nafasi, najua ni ya Sofia, naendelea kusoma.