Mwimbaji Akae Juu ya Spidomita

Mtu akipanda Toyota IST yangu mara ya kwanza hutazama katikati ya dashibodi akitafuta spika. Haipo. IST za toleo la kwanza zina spidomita pale katikati, na sauti ya mwimbaji inatokea juu yake kidogo, karibu na kioo cha mbele, kana kwamba kasimama kwenye boneti. Spika zenyewe ziko milangoni, twita, zile ndogo za sauti za juu, ziko kwenye nguzo za kioo, na sabufa moja, spika ya besi, iko kwenye buti. Hakuna uchawi. Ni futi kamba, hesabu ya shule ya msingi na uvumilivu.

Kwa kazi mimi ni fundi mitambo wa sherehe hapa Dar: harusi, sendofu, kipaimara, wakati mwingine mkutano wa injili uwanjani. Kwenye uwanja mrefu tunaweka spika za pili katikati ya watu. Zikipiga sawa na za jukwaani, aliyekaa nyuma anamsikia MC mara mbili: kwanza kutoka spika ya karibu, kisha kutoka mbele, na maneno yanagongana. Kwa hiyo zile za nyuma tunazichelewesha. Kwa joto letu sauti husafiri kama sentimita 35 kwa kila milisekunde moja, hivyo spika iliyo mita 20 nyuma ya jukwaa inapewa dilei, yaani ucheleweshaji, ya milisekunde 57, na kidogo juu yake, ili sauti ya jukwaani ifike kwanza. Sikio huamini kilichofika mwanzo. Mtafiti Helmut Haas aliliandika hilo Göttingen, Ujerumani, mwaka 1949, na mpaka leo MC wa Mbagala anafaidika nalo bila kujua.

Ndani ya gari tatizo ni lile lile, ila limebanwa. Dereva wetu anakaa kulia, goti linakaribia kugusa spika ya mlango, na spika ya kushoto iko ng'ambo ya gari. Hivi ndivyo futi kamba ilivyosema nilipopima kutoka usawa wa masikio yangu, siti ikiwa pale ninapoendeshea: spika ya mlango wa kulia sentimita 88, ya kushoto 131. Twita ya kulia 74, ya kushoto 117. Sabufa kwenye buti 175.

Tazama milango tu. Tofauti ni sentimita 43, yaani milisekunde 1.2 hivi. Inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba sauti inayotoka kulia kabisa hulifikia sikio la kushoto kwa kuchelewa kama milisekunde 0.7 tu, maana kichwa chenyewe si kikubwa. Spika ya kulia inakuwa imetangulia kuliko hata sauti ya mtu aliyesimama ubavuni kwako. Ubongo hauna cha kufanya. Unaibandika bendi nzima kwenye mlango wa kulia.

Wengi hukimbilia balansi: wanaivuta kushoto mpaka pande zote zilingane kwa nguvu. Hiyo inatibu nusu ya ugonjwa. Lord Rayleigh, mwanafizikia wa Uingereza, alishaeleza mwaka 1907 kwamba sauti za chini tunazitafutia upande kwa tofauti ya muda, na za juu kwa tofauti ya nguvu. Mpaka uko kama kwenye Hz 1500, yaani mitetemo 1,500 kwa sekunde. Ukicheza na balansi peke yake unampasua mwimbaji: kifua chake kinabaki mlango wa kulia, zile "s" na "sh" zinahamia kushoto. Nimesikia gari nyingi za namna hiyo, na mwenye gari anakwambia spika zake mbovu, anataka kununua nyingine.

Kabla ya kugusa dilei, hakikisha waya. Magari yetu yakishatoka Japani hupita kwenye mikono mingi, maana redio nyingi za kwao zinashika FM kuanzia 76 hadi 90 tu, na sisi stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, kwa hiyo karibu kila mtu ameshang'oa ile redio na kuweka nyingine. Kila anayeng'oa anakata waya. Chukua betri ya tochi ya volti 1.5, gusa chanya kwa chanya na hasi kwa hasi kwenye waya za spika ya mlango, huku umezichomoa kwenye amplifaya. Koni ikiruka nje, sawa. Ikirudi ndani, waya zimegeuzwa. Spika moja ikiwa imegeuzwa, besi inapotea na sauti ya mtu inasambaa gari zima, wala hakuna namba ya dilei itakayoiponya. Twita usizipime hivyo. Koni yake huoni inaenda wapi.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Redio nyingi za Android zinazouzwa Kariakoo zimeandikwa DSP, yaani kichakataji cha sauti cha kidijitali, kwenye boksi. Nyingine kweli zina dilei ya kila spika peke yake, kwa sentimita au milisekunde. Nyingine zina ekwalaiza yenye rangi nzuri tu. Fungua menyu dukani kabla hujatoa hela. Mimi natumia DSP ya pembeni yenye njia za kutosha, kila spika na yake. Mteja akija na bajeti ya sabufa mbili namwambia anunue moja, hela ya pili iende kwenye DSP na kuziba matundu ya milango. Baadhi huondoka kwa fundi mwingine. Sichukii besi, maana ndiyo inayolipa kodi yangu ya nyumba, lakini besi ya ukumbini ni kitu kingine.

Krosova, yaani vichujio vinavyogawia kila spika sauti zake, zinatangulia dilei, maana kila chujio nalo huchelewesha sauti kidogo. Kwangu sabufa inaishia Hz 80, milango inaanzia hapo mpaka 3,000, twita zinachukua zilizobaki. Ukibadilisha krosova baadaye, dilei inabidi uipange upya.

Sasa hesabu. Aliye mbali kuliko wote ni sabufa, huyo anapewa sifuri. Wengine unatoa umbali wao kwenye 175, unagawa kwa 35. Mlango wa kulia: 87 kwa 35, milisekunde 2.49. Wa kushoto: 1.26. Twita ya kulia 2.89, ya kushoto 1.66. Wote sasa wanafika sikioni pamoja, angalau kwenye karatasi.

Halafu zima sabufa, zima twita, bakiza milango miwili, na upige kitu cha mono. Hapa sitaki nyimbo za majaribio za kwenye mtandao. Napenda dansi la zamani lililorekodiwa kwa mono, bendi nzima imemiminwa kwenye chaneli moja. Katika mono hakuna kushoto wala kulia, kwa hiyo kila kitu, kuanzia gita la solo, tumba, tarumbeta hadi mwimbaji, lazima kikusanyike mahali pamoja. Kikitapakaa, kosa ni la gari, hakuna wa kumsingizia. Punguza nguvu ya upande wa kulia kidogo, desibeli mbili au tatu, kisha sogeza dilei ya mlango wa kulia hatua ndogo ndogo, 0.05 hivi, huku umefumba macho. Ukifumbua, nyoosha kidole kwanza halafu ndiyo utazame unaelekeza wapi. Kidole changu kilielekea juu ya spidomita dilei ilipofika 2.40, si 2.49, kwa sababu futi kamba haijui mguu wangu umeziba nini. Rudia na twita peke yake, kisha unganisha. Mtangazaji wa taarifa ya habari naye ni kipimo kizuri. Akianza "habari kwa ufupi" awe mtu mmoja, si kinywa kushoto na kifua kulia.

Sabufa ndiyo ngumu, kwa sababu boksi lake na chujio lake huichelewesha kuliko umbali unavyosema. Njia yangu ni hii. Piga mlio mmoja wa Hz 80, geuza polariti ya sabufa kwenye DSP, yaani chanya iwe hasi, kisha ongeza dilei ya spika zote za mbele kwa pamoja, kiasi kile kile, mpaka mlio usikike mdogo kuliko wakati wote pale kichwa kinapokaa. Hapo zinapingana barabara. Rudisha polariti, na sasa zinasaidiana. Kwangu ilibidi za mbele ziongezwe zaidi ya milisekunde moja juu ya hesabu ya futi kamba. Dramu la mguu likahama kutoka buti likaja chini ya usukani. Ukitaka kuona mteja anacheka peke yake kama mtoto, mpe dakika hiyo.

Yako mambo ambayo dilei haiyagusi. Kioo cha mbele kinarudisha sauti za twita, na ile inayorudi ina safari yake yenyewe. Kugeuza twita zisielekee kioo kunasaidia kuliko namba yoyote. Na siti ya kushoto ndiyo inayolipa gharama yote: mke wangu tayari yuko karibu na mlango wake, halafu nimemchelewesha wa kulia, hivyo kwake tofauti inakaribia kuwa maradufu, kama milisekunde 2.4. Alinung'unika kwa haki. Nikatengeneza mpangilio wa pili, kulia na kushoto dilei sawa, hakuna mfalme. Tukiwa wawili au na watoto unawashwa huo. Nikiwa peke yangu kwenye foleni ya Tazara, najua ninachobonyeza.

Anayenisumbua sasa ni kijana wa kuosha gari. Anaingia, anasukuma siti nyuma mpaka mwisho, anainua besi, anapiga deki akiimba. Besi naishusha. Siti ndiyo shida, maana sentimita kumi nyuma hazibadilishi umbali wa kila spika kwa kiasi kimoja. Umbali wa kulia na wa kushoto hauongezeki sawa, na sabufa inakusogelea. Nimepaka rangi nyekundu ya kucha kwenye reli ya siti pale inapotakiwa kusimama, na mgongo wa siti nao una alama yake.