Nilivyopata hukumu ya babu ya 1987 baada ya kuambiwa faili haiko

Naandika haya manake nshaulizwa na watu kama sita nilifanya vipi, na pia manake ushauri niliopewa mwanzo ulinipotezea pesa na karibu wiki sita na mpaka leo nina uchungu nao.

Nyumba ya mamangu iko Majengo, ni zile za nyumba bila ardhi, wa Mombasa mwazijua. Kuta na mabati ni yetu, mchanga ni wa mwengine, na kodi ya ardhi babu alilipa kila mwezi mpaka akafa. Mwaka jana wakaja wajukuu wa mwenye ardhi na barua ya wakili, ati hakuna makubaliano yoyote, tutoke kwa miezi mitatu. Mama akanipigia usiku analia. Anakumbuka vizuri sana babu alipelekwa kortini kwa jambo hilo hilo miaka ya themanini akashinda, hakimu akaandika kodi iwe kiasi gani na nyumba isiguswe. Karatasi ilikuwa kwa sanduku la mbao chini ya kitanda, tulipofungua mchwa wameila yote, imebaki ukingo na nusu ya muhuri.

Jina la korti yenyewe silitaji. Siku ya kwanza nimevuka feri alfajiri, saa mbili niko dirishani, nikataja jina la babu, karani akauliza nambari ya kesi. Sina. Mwaka? Thamanini na kitu. Akaniambia bila nambari faili haiwezi kuonekana, rudi wiki ijayo. Wiki ijayo nikaambiwa faili haiko. Wiki ya tatu nikaambiwa nitafute wakili, na wakili niliyemwendea akataka elfu kumi na tano za kwenda kuitafuta tu, hukumu ni hesabu nyengine. Mie nauza spea, elfu kumi na tano ni mshahara wa kijana wangu wa dukani.

Hapo ndipo nikaingia mtegoni. Nje pale chini ya mti kuna jamaa ana briefukesi, watu wanamwita wakili na si wakili, akanishika mkono vizuri, "Ndugu yangu, mbona wateseka, nipe jina na elfu tatu, Alhamisi uko na karatasi yako." Nikampa kwa M-Pesa. Alhamisi kweli akanipa kurasa tisa, zina muhuri, zina jina la babu pale juu, nikashukuru mpaka nikamuongeza mia mbili ya chai. Nikazibeba mpaka nyumbani sijazisoma. Mama akavaa miwani, akafika ukurasa wa pili akanyamaza, kisha akaniuliza, "Babu yako alikuwa na lori lini?" Ilikuwa kesi ya ajali ya lori Mariakani, mtu mwengine kabisa mwenye jina kama la babu, na jina la babu hapa Pwani wanalo watu mia. Nilirudi chini ya mti, jamaa akasema yeye aliambiwa jina na jina amelileta. Simu yangu hajaipokea tena.

Kwa hivyo la kwanza, na nalisema kwa uzito, usimpe mtu pesa kwa jina peke yake. Jina si kitu. Nambari na mwaka ndio kila kitu.

Sasa nambari niliipataje. Kila mtu alikuwa ananiambia siku hizi mambo yote yako onlaini, na kweli kupeleka kesi kwa mtandao kulianza Nairobi Julai 2020 na Machi 2024 ikatangazwa ni nchi nzima, lakini hiyo ni kwa kesi mpya, karatasi ya 1987 hakuna aliyeipiga picha. Ila kuna ile tovuti ya Kenya Law, hukumu ziko bure, hulipi hata shilingi. Nikaandika jina la babu, hakuna. Nikaandika tena kwa herufi za kizamani, Mohamed kwa m moja katikati, kwa m mbili, hakuna, manake za mahakimu wa chini za miaka ile nyingi hazimo. Nilikaa usiku mbili hivyo. Usiku wa tatu nikaacha jina nikaandika nambari ya ploti. Ploti ni moja, nyumba zilizo juu yake ni nyingi, na wenye ardhi ni wale wale, lazima kuna jirani walimshtaki. Ikatokea ruling moja ya Mahakama Kuu, ya miaka ya karibuni, ya nyumba ya nne kutoka kwetu, na aya ya kumi na moja jaji ameandika kwamba wenye ardhi walishawahi kwenda kortini kuhusu ploti hii hii, kesi ya madai nambari fulani ya 1987. Nilisimama. Saa saba usiku nikamuamsha mke wangu nikamsomea.

Hiyo ndiyo siri, ukikosa yako tafuta ya jirani.

Nikaandika na barua kwa korti, ukurasa mmoja, nikataja Kifungu cha 35 cha Katiba kinachompa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya kupata habari ya 2016 inayosema kuomba hakulipiwi na malipo yasizidi gharama halisi ya kutoa nakala, na wanajibu kwa siku 21. Nakala ya barua nikagongewa muhuri wa kupokelewa. Huo muhuri usiusahau, bila huo umepeleka karatasi ya kufungia mandazi.

Safari hii dirishani alikuwa mama mmoja wa makamo. Nikamwambia, "Shikamoo mama, nambari ninayo." Akasoma barua, akanitazama, akasema, "Mwanangu, ungekuja na hii siku ya kwanza." Akanitolea kitabu cha kesi cha mwaka ule, kikubwa kama mlango wa kabati, mgongo umechanika umeshonwa kwa uzi wa viatu. Akafunua taratibu kwa kiganja, si kwa kidole, manake kurasa zavunjika. Na pale, wino wa buluu uliofifia, jina la babu, ploti yetu, tarehe ya hukumu, na pambizoni mtu ameandika rafu ya faili. Faili ilikuwepo miaka yote. Ilichukua nusu saa kuletwa.

Malipo? Kama mia saba hivi na muhuri wa nakala halisi, kwa simu, na risiti. Ukijumlisha nauli, siku nilizofunga duka na pesa za yule wa chini ya mti, nimetumia zaidi ya elfu kumi na mbili kwa karatasi ya mia saba. Gharama yenyewe iko hapo, kwa kutafuta. Bei ya kopi siilalamikii.

Karani mmoja kijana aliniambia nisilalamike, hata Marekani wanalipa. Nina binamu yangu kule nikamuuliza. Kweli korti zao za shirikisho zina mtandao unaitwa PACER, senti 10 kila ukurasa, lakini hati moja haizidi dola 3, ukitumia dola 30 au chini kwa miezi mitatu husamehewa yote, na maamuzi ya majaji yenyewe ni bure. Na hata hivyo watu walishtaki 2016 kwamba pesa zinazidi gharama na zinaenda kwa mambo mengine, mahakama ya rufaa 2020 ikakubali baadhi ya matumizi hayakuruhusiwa, ikaisha kwa maelewano ya dola milioni 125 yaliyopitishwa 2024. Mie hapo naona mpango uwe kama wa feri yetu ya Likoni. Mwenye miguu anavuka bure, mwenye gari analipa. Mwenye kampuni inayochota maelfu ya faili alipe, mama anayetafuta karatasi ya babake avuke. Katiba yetu Kifungu cha 48 inasema ada isimzuie mtu kuifikia haki, na mimi nimezuiwa wiki sita na kitabu kilichokuwa hatua kumi kutoka dirishani.

Wakili wa wale wajukuu tumempelekea nakala, barua ya kuhama wameiondoa, sasa wanataka tuongee kodi. Mama hukumu ameitia plastiki. Mie nimetoa fotokopi saba nikagawa kwa nyumba zote za ploti ile, na Jumatatu naenda dirishani na bibi wa nyumba ya tatu, mumewe alikuwa na kesi 1991 na nambari ameikuta nyuma ya risiti ya kodi.