Jinsi nilivyowasaidia vijana wasio na makaratasi kuomba ruzuku ya chuo jimboni Washington

Ninaishi Kent, kusini mwa Seattle, Marekani, tangu 2009. Usiku ninahudumia wazee, na Jumamosi mchana ninakaa na vijana wa jamii yetu, Watanzania, Wakenya na Wakongomani, tunahangaika na fomu za vyuo. Aliyenisukuma kuanza ni mtoto wa jirani aliyemaliza sekondari 2017 akiwa na alama nzuri. Mshauri wa shule yake alimwambia kwamba asiye na soshali, yaani namba ya hifadhi ya jamii ambayo wasio na kibali cha kuishi Marekani hawapewi, hana fedha yoyote ya kuomba. Yeye aliamini, na mimi niliamini. Akaenda kuosha magari kwa malipo ya mkononi. Ilipita miezi mingi ndipo nikajua kwamba Washington ilikuwa imeshafungua mlango huo tangu 2014. Aliingia chuo cha jamii mwaka uliofuata, lakini ule mwaka wake mmoja unaniuma hadi leo. Ningeuliza mtu wa pili tu, usingepotea.

Kwa hiyo nilianza kusoma. Fomu ya serikali kuu, FAFSA, haimhusu kijana asiye na makaratasi. Fedha za shirikisho hapati, iwe ruzuku au mkopo. Asiijaze. Na asithubutu kuweka alama kwenye kisanduku kinachosema yeye ni raia, hata kama rafiki amemwambia "we weka tu, hawaangalii". Kudai uraia usio wako kunaweza kukufungia njia ya makazi halali maisha yako yote. Hili huwa nalisema kwanza, kabla hata ya kuuliza mtoto anataka kusoma nini.

Washington ina fomu yake inayoitwa WASFA, inajazwa mtandaoni, bure. Sheria ya 2003 iliwaruhusu vijana hawa kulipa ada ya wakazi wa jimbo, jambo ambalo si dogo: kwenye Chuo Kikuu cha Washington mkazi hulipa zaidi kidogo ya dola 12,000 kwa mwaka, wa nje ya jimbo anapita 40,000. Ile ya 2014 ikawaruhusu kupata ruzuku ya jimbo. Ruzuku yenyewe sasa inaitwa Washington College Grant, na tangu 2020 kila anayestahili anapewa; zamani fedha ziliweza kwisha na watu wenye sifa wakabaki mikono mitupu. Kwa familia ya kipato cha chini inalipa ada yote ya chuo cha umma. Ukiwa California au Minnesota, nako kuna fomu ya jimbo, ila masharti ni mengine. Yako majimbo yasiyotoa chochote.

Nilipojua hayo nilidhani kazi imekwisha, kumbe fomu ni ya saa moja tu. Kazi ipo kwa wazazi.

Mwaka 2021 alinijia binti wa familia moja ya Mombasa. Waliingia 2013 kwa viza ya matembezi, yeye akiwa na miaka tisa na mdogo wake mitano, viza ikaisha wakabaki. DACA, ule mpango wa shirikisho unaowakinga na kufukuzwa walioletwa wakiwa watoto, haukumfaa, kwa sababu unataka mtu awe amekuwepo Marekani tangu Juni 2007. Alitaka uuguzi. Mama yake alikuwa tayari, baba yake hapana. Nilipofika mara ya kwanza na kompyuta yangu, mzee alinikaribisha chai, akaitazama ile kompyuta, akaniambia kwa upole, "Dada, miaka minane nimeishi hapa bila jina langu kuandikwa mahali popote. Leo wataka niliandike mwenyewe, niwapelekee?"

Nilikuwa na jibu langu mdomoni: usiogope, kaka. Nashukuru sikulitoa. Mtu aliyelinda familia yake miaka minane kwa kuogopa, humwambii aache kuogopa. Nikanywa chai, nikaondoka na kompyuta yangu sijaifungua.

Wiki iliyofuata nilikwenda na karatasi. Nilikuwa nimenakili maswali ya WASFA moja moja, nikayaandika kwa Kiswahili kwa mkono, nikampa ayasome peke yake bila mtu kumsimamia. Mnaishi wangapi nyumbani. Kipato cha mwaka kilikuwa kiasi gani. Je, mlirejesha taarifa za kodi. Nikamweleza fomu inakwenda wapi: kwa baraza la elimu ya juu la jimbo, kisha kwa vyuo alivyochagua binti, kwa ajili ya kupima ruzuku. Nikamweleza na sheria ya jimbo ya 2019 inayozuia taasisi za Washington kuwa mkono wa uhamiaji. Sikumwambia kwamba hatari ni sifuri. Nilimwambia kwamba ninachokijua ni hiki, na kama anataka kauli ya mwanasheria nitamtafutia kliniki ya bure. Alitaka. Tukaenda pamoja, akauliza maswali yake yote, mengine makali kuliko niliyowahi kuyawaza mimi.

Akarudi na daftari. Mzee huyu hufanya kazi za ujenzi za malipo ya mkononi, na kila Ijumaa alikuwa anaandika alichopata, tarehe na kiasi, kwa mwandiko mdogo wa kupendeza. Mama alikuwa na ITIN, namba ya kulipia kodi kwa asiye na soshali, na alirejesha kodi kila mwaka kwa kazi yake ya usafi. Wengi huniuliza kama asiye na ritani ya kodi anaweza kuomba. Anaweza, ila aandike kipato halisi, na awe na cha kuonyesha chuo kikiuliza. Mwaka unaotakiwa si uliopita bali wa kabla yake: kwa masomo yaliyoanza 2022 waliuliza kipato cha 2020. Lile daftari lilikuwa na 2020 nzima, pamoja na miezi ya korona ambayo kwenye ukurasa haikuwa na kitu zaidi ya tarehe. Tulijumlisha mezani, mimi nasoma, binti anabonyeza kikokotoo, baba kimya. Kwenye nafasi ya soshali tuliacha wazi. Hiyo nafasi usitunge namba.

Nilikosea mahali pamoja, nanyi msikosee. Mbali na WASFA kuna hati ya kiapo ya ukazi, ambayo mwanafunzi anasema amemaliza sekondari, ameishi Washington miezi 12 mfululizo kabla ya kuanza chuo, na kwamba ataomba makazi ya kudumu pale sheria itakapomruhusu. Sentensi hii ya mwisho huwatisha watoto; ni ahadi ya siku za mbele, si ombi la uhamiaji. Hati hii inapelekwa chuoni, na kila chuo kinataka ya kwake. Binti aliomba vyuo viwili, tukaipeleka kile alichokipenda. Akaishia kwenda kile kingine. Agosti bili ikaja ya ada ya mtu wa nje ya jimbo, ruzuku haionekani. Mama yake alinipigia saa mbili usiku nikiwa kazini, hata salamu zilimshinda. Asubuhi nilitoka zamu nikaenda moja kwa moja na binti ofisi ya udahili, tukasaini hati pale pale dirishani. Bili ilibadilika ndani ya wiki moja. Wiki hiyo sikuilala vizuri.

Fomu inajazwa upya kila mwaka, na ruzuku hailipi kodi ya nyumba wala chakula, kwa hiyo binti alisoma huku analea watoto wa majirani. Kuhusu uuguzi, tangu 2024 jimbo halitumii tena hali ya uhamiaji kumnyima mtu leseni ya taaluma. Leseni si kibali cha kazi, na hilo nilimwambia wazi. Akasema, "Shangazi, niachie nisome kwanza."

Aprili 2025 mamlaka ya kodi ya shirikisho ilipokubaliana na uhamiaji kupeana taarifa, simu yangu haikutulia. WASFA ni ya jimbo, lakini hofu haichambui ya jimbo na ya shirikisho. Familia mbili ziliamua kutojaza mwaka huo, na sikuwashinikiza. Nimewaachia namba yangu tu.

Vuli hiyo ilikuwa zamu ya mdogo wake binti. Nilipofika, dada mtu alikuwa ameshafungua kompyuta yake na daftari la Ijumaa liko mezani, limefunguliwa kwenye mwaka unaotakiwa. Mzee alinimiminia chai, akasubiri nikae, akauliza, "Ile hati ya kiapo mwaka huu ni vyuo vingapi?"

"Vitatu, kaka."

Akamgeukia mwanawe. "Basi chapisha tatu."