Hanania, Mishaeli na Azaria: wenzake Danieli wa shuleni

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Somo letu la juma hili ni Danieli sura ya 1 na ya 2. Tunaomba uzisome zote mbili kabla ya kuendelea.

Vijana wale wanne tumezoea kuwahubiri kwa ajili ya tanuru la moto na tundu la simba. Lakini kabla ya hayo walikuwa wanafunzi waliochukuliwa mbali na kwao, wakapangiwa masomo ya miaka 3, wakapangiwa chakula, wakabadilishwa hata majina. Huko ndiko walikokubaliana kula mboga na kunywa maji kwa siku 10. Aliyesoma bweni anaelewa makubaliano ya namna hiyo yanavyowaunganisha watu. Mche mmoja wa sabuni unakatwa kwa uzi, vipande vinagawanywa hadi siku ya wazazi kuja. Uji hauna sukari, mwenye kopo anapitisha kijiko. Halafu kuna ufunguo wa tranka: ukimwachia mwenzako, umemkabidhi nauli ya kurudi nyumbani, barua na kila ulicho nacho. Na wengi waliomba kwa sauti mbele za watu kwa mara ya kwanza katika vipindi vya UKWATA au TYCS, vikundi vya wanafunzi Wakristo wa Tanzania, darasani, jioni.

Sasa angalia sura ya 2. Mfalme ameota ndoto, wenye hekima wote wa Babeli wameamriwa kuuawa, Danieli ameomba apewe muda. Anakwenda wapi? Mistari ya 17 na 18 inasema alikwenda nyumbani kwake akawapa habari Hanania, Mishaeli na Azaria, ili waombe rehema. Hapo wanatajwa kwa majina waliyotoka nayo kwao. Kisha mstari wa 49: Danieli amekwisha kupewa cheo, anamwomba mfalme, na wale watatu wanawekwa juu ya kazi za wilaya ya Babeli. Aliwaendea akiwa hatarini, na alipoinuliwa akawakumbuka. Sisi wengi tunafanya moja tu kati ya hayo, au hatufanyi lolote, tunabaki na picha za mahafali.

Picha za zamani huchangamsha kundi la simu kwa wiki mbili hivi. Baadaye huingia matangazo ya biashara, siasa, ujumbe wa kusambazwa, na mwisho kundi linafufuka pale tu mtu anapofariki. Chanzo kikubwa cha ukimya, kwa tunavyoona, ni michango ya ghafla. Aliyeshindwa kuchangia harusi ya mwenzake anaona aibu, haandiki tena, na msiba wake ukija haupeleki kwenye kundi. Tiba yake ni kiasi kidogo kisichobadilika. Watu 30 wakitoa shilingi 2,000 kila mwezi, ni 60,000 kwa mwezi na 720,000 kwa mwaka. Mkikubaliana rambirambi iwe 100,000, mfuko unabeba misiba saba bila mtu kupigiwa simu ya kudaiwa. Fedha zikae kwenye akaunti ya kikundi, na kutoa kuhitaji idhini ya watu watatu. Zikikaa kwenye simu ya mtu mmoja, siku atakapouguliwa na mtoto usiku mmemwingiza majaribuni. Mweka hazina asome hesabu kila robo mwaka. Orodha ya waliolipa na wasiolipa isibandikwe kundini kamwe. Anayedaiwa apigiwe faraghani.

Aliyepotea humpati kwa kutangaza. Anza na waliolala naye chumba kimoja, kisha mtaa au kijiji cha wazazi wake, kisha mchungaji au katekista wa kule. Namba za simu hubadilika kila mara, lakini nyumba ya wazazi mara nyingi bado ipo. Ukimpata, piga, usitume ujumbe tu. Usianze na "siku hizi uko wapi, unafanya kazi gani?" Swali hilo linamfunga mdomo asiye na kazi, na ndiye hasa uliyekuwa unamtafuta. Muulize wazazi, watoto, na nani mwingine wa darasa lenu amekutana naye. Jina la utani la shule litumie kwa uangalifu, maana mengine yalimuuma tangu zamani akavumilia. Kabla ya kukata simu pangeni siku ya kuongea tena. "Tutatafutana" haijawahi kumkutanisha mtu na mwenzake.

Kuna wale waliotangulia. Daudi aliuliza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli, amtendee mema kwa ajili ya rafiki yake Yonathani, mwana wa Sauli (2 Samweli 9). Mefiboshethi, mwana wa Yonathani, alikuwa na miaka 5 baba yake alipokufa. Daudi alipomwita kutoka Lo-debari alikuwa tayari na mtoto wake mwenyewe, Mika. Miaka mingi ilipita na habari haikuja yenyewe. Ilibidi mfalme aulize.

Nasi tuulize mapema, Novemba au Desemba, kabla kidato cha kwanza hakijaanza Januari. Ada ya shule za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu 2016, kwa hiyo watu hudhani mjane wa rafiki yao hana shida ya shule. Fomu ya kujiunga ndiyo inayomlaza macho: godoro, shuka, ndoo, sare, viatu vyeusi, kaunta buku, rimu ya karatasi, na mara nyingi jembe au fyekeo. Omba nakala ya fomu yenyewe, gawaneni vitu, kila mmoja achukue kimoja au viwili na kuvinunua. Mama akipewa fedha taslimu mwezi huo, mara nyingi zinaishia kwenye kodi na chakula, na hapaswi kulaumiwa. Mtoto akifika bweni, mmoja wenu aende siku ya kutembelewa.

Maombi ya juma hili: tuwaombee wenzetu watatu kwa majina yao, mmoja tunayewasiliana naye, mmoja aliyenyamaza kundini, na mmoja ambaye ameacha watoto. Huyo wa pili apigiwe simu kabla ya Jumapili.