Ati hii yetu hamuonji

Wiki nzima nimekuwa nikimjibu Mzee wa Koti kichwani. Nikiosha vyombo namjibu, nikiwa kwa matatu namjibu, juzi niko pale kaunta ya hadiweya kastoma ananiuliza misumari ya inchi tatu ni pesa ngapi kilo na mimi bado niko Jumamosi ile kanisani tunapikia watu wenye njaa, nimeshika upawa, namwambia mzee yale maneno ambayo hayakutoka. Kastoma akauliza tena. Nikamwangalia hivi, karibu nimwambie na wewe ngoja kwanza.

Wale wa zamani hapa mnamjua Mzee wa Koti, yule wa kopo la Kimbo, niliwaandikia venye alikataa sahani zetu za plastiki akasema yeye hakuja harusi, anabeba chombo chake. Huja karibu kila Jumamosi, koti ni lile lile, jua liwake mvua inyeshe, na hasukumani na mtu. Vijana wa kunusa gundi wakianza kuvuruga laini yeye ndiye huwatuliza, na hakuna siku tulimwambia afanye hiyo kazi.

Sasa ilikuwa hivi. Tumeanza kupakua, laini imetoka geti imekunja na ukuta, mzee akafika kwangu nikamwekea githeri, yale mahindi na maharagwe yetu, pawa mbili. Hakusonga. Akachukua punje moja na kidole, akatafuna polepole kama mkaguzi wa hoteli ametumwa na kaunti, halafu akasema, "Mathe, chumvi mmesahau tena."

Nikamwambia, "Hatujasahau mzee wangu. Tumepunguza."

"Mmepunguza? Nani aliwaambia? Ama hii yetu huwa hamuonji?"

Akaenda zake akakaa kwa ngazi kula. Angekuwa amekasirika ningejua la kufanya, mtu wa hasira namjua, lakini aliuliza tu hivo, vile mtu anauliza saa. Kijana wa nyuma yake akacheka. Mama mwenye mtoto mgongoni akaniangalia, anangoja niseme kitu. Na mimi nikasema, "Haya, mwingine."

Haya mwingine! Aki.

Sasa hapa ni kwangu hakuna mtu wa kunikatiza, wacha niseme. Mimi naonja. Naonja alfajiri watu wakiwa bado wanaomba, naonja vitunguu zikiingia, naonja tena tukishusha sufuria. Na kabla ya kuonja, Ijumaa nikitoka kazi huwa nakaa kwa stoo ya kanisa na kina mama wawili watatu tunachagua mahindi, yale ya kununua huko soko la Nyamakima, tunamwaga kidogo kidogo kwa ungo, punje ya kijani nje, nyeusi nje, iliyovunjika nje, iliyonyauka nje, mpaka macho yanauma. Kuna wenye huniambia nachelewesha kazi, mahindi ni mahindi, yakishachemka usiku mzima kuna kitu itabaki kwani? Itabaki. Ile sumu ya ukungu, aflatoksini, haiishi kwa kuchemsha. Mimi ni wa Machakos, 2004 naikumbuka vizuri, ule mwaka watu 317 waliugua, wengi Makueni na Kitui, na 125 wakafa, na haikuwa chakula cha kuokota, ilikuwa mahindi yao wenyewe, wamevuna na mikono yao wakaweka ndani na unyevu. Mtu anageuka macho ya manjano, tumbo inafura, mnamzika. Kutoka hapo sijawahi kuweka mahindi kwa moto sijayachagua, iwe ni ya watoto wangu iwe ni ya mtu amelala nje hapo Globe Roundabout. Halafu mtu aniulize kama hii yao naonja.

Na chumvi si mimi niliamua. Ni sista wa ile meza ya presha, alitukalisha akatuambia wazee wengi anaowapima pale presha iko juu na hawana dawa, na kwamba shirika la afya la dunia linasema mtu mzima asipitishe gramu 5 za chumvi kwa siku, hiyo haifiki hata kijiko kimoja cha chai, na hiyo ni ya siku nzima, si ya githeri peke yake. Tukapunguza. Basi. Hiyo ndiyo jibu, ni sentensi moja, "Mzee, sista alisema ni ya presha," ningeimaliza kabla upawa haujarudi kwa sufuria.

Najua kwa nini haikutoka. Wakati ule ule anauliza, mlango wa ofisi ya kina mama ulifunguliwa na ile harufu ya chapati ikatoka yote ikapita katikati yetu. Chapati za watumishi. Juu watumishi huwa tuko na chakula chetu, chapati na ndengu, siku zingine hata nyama, kinafunikwa huko ndani tunakula laini ikiisha. Si siri, lakini pia si kitu ya kutangaza. Nilishawahi kuuliza kwa kamati kwa nini tusile tu ile tumepika, mweka hazina akanijibu watumishi wameamka saa kumi usiku, wanahitaji nguvu. Ni kweli wameamka. Wale wa laini hawakulala. Nikaambiwa tutalizungumza, na nyinyi mnajua tutalizungumza ya kamati ya kanisa inaishia wapi. Sasa mzee anaongea chumvi na pua yake iko na chapati, utamwambia nini? Umwambie mimi binafsi naonja? Hakuuliza mimi. Alisema "hamuonji", sisi wote.

Kitu ingine inaniuma ni ile "tena". Mmesahau tena. Inamaanisha aligundua tangu siku ya kwanza tulipunguza, akanyamaza, akatupea nafasi tujirekebishe.

Wiki yenyewe ilikuwa na mambo yake, Baba Watoto amepata ile kazi ya Naivasha aripoti mwezi ujao, mchungaji ametangaziwa uhamisho na shemeji amejifungua mapacha tukiambiwa ni mmoja, lakini mimi hapa ni chumvi.

Halafu kuna watu kazini nikiwaambia naenda kupika Jumamosi wananiuliza, "Bado mnalisha chokoraa?" na hiyo neno silitaki, lakini zaidi ni kwamba hawajui ni nani anakuja. Serikali ilihesabu watu wa mtaani 2018, wakapata 46,639 nchi nzima na 15,337 hapa Nairobi, sawa, hao wapo, na gundi yao na magunia yao. Lakini kaa kwa ile laini yetu uangalie viatu. Kuna mlinzi ametoka zamu ya usiku bado ako na yunifomu ndani ya jaketi. Kuna mama wa kufua nguo ambaye wiki hii hakuitwa na mtu. Kuna wale walikuja 2024 baada ya mafuriko, nyumba zao Mathare zikabomolewa ati ziko ndani ya mita 30 za mto, na wengine walishapata chumba kingine lakini kodi inakula yote, ako na nyumba hana unga. Hao hakuna sensa ya mtaani iliwahesabu, ni majirani tu, wengine nakutana nao kwa stegi na tunajifanya hatujuani hadi wao waanze kusalimia. Mzee wa Koti mwenyewe sijui analala wapi. Sijawahi kumuuliza, na yeye hajawahi kuniuliza mimi.

Basi jana. Nimefika nimejipanga, ile sentensi iko tayari mdomoni, nikimwona tu kabla afungue kopo namwambia. Mahubiri yakaenda marefu, tulikuwa na mgeni, na mimi msimamo wangu mnaujua, mwenye njaa mpatie chakula kwanza Neno litamkuta ametulia, lakini si mimi napanga programu. Tukapakua. Laini ikaenda, ikaenda, mzee hayupo. Nikaanza kufikiria vibaya, ati amekasirika ameenda ile kanisa ingine ya wali wa Jumanne.

Kumbe ako kule chini karibu na tangi la maji. Naskia tu kicheko. Watu wanachukua githeri kwangu, badala ya kwenda kukaa wanaenda kusimama huko. Laini mbili! Yangu ya githeri na ingine huko, fupi, inaenda haraka. Nikampea dada wa kwaya upawa nikaenda kuangalia.

Mzee amenunua chumvi. Pakiti ya nusu kilo, amekata kona vizuri, anashika na mkono wa kushoto na wa kulia ameosha, naona maji bado. Mtu anafika na sahani, mzee anamuuliza, "Uko na presha?" Akisema hapana anawekewa kidogo kwa vidole viwili, anapita. Akisema ndiyo, "Wewe kula hivo hivo, sista alikataza." Akisema hajui, "Enda upimwe kwanza, meza ile pale, rudi na karatasi." Mimi nawaambia ukweli, sista hajawahi kupata watu wengi hivo kwa meza yake, alikuwa anatafuta kalamu ingine. Kijana mmoja wa gundi alichukua chumvi bila chakula, mzee akamuuliza na githeri iko wapi, akasema ni ya embe. Akapewa.

Alienda akamuuliza sista wakati gani? Sijui. Ina maana ile Jumamosi mimi nimesimama nimekwama na upawa yeye alitoka kwa ngazi akaenda kutafuta jibu mwenyewe, na wiki nzima mimi nahangaika kumtafutia sentensi ambayo tayari ako nayo.

Nikasimama kwa laini yake. Nilikuwa nimejipakulia, si ya kuonyesha mtu, nilikuwa na njaa tu na chapati niliziacha huko ndani zikae. Nikafika. Akaniangalia, akaangalia sahani, hakutabasamu hata kidogo.

"Uko na presha?"

"Sina mzee."

"Na mawazo?"

Nikacheka hadi nikashindwa kujibu. Akanitilia chumvi, kidogo sana, ya kunionyesha, nikaonja hapo hapo mbele yake na mbele ya wote. Ilikuwa tamu. Nikamwambia, "Iko sawa." Akasema, "Leo chumvi nimejitolea mimi. Sasa nyinyi viazi mtaweka lini?"

Viazi! Mnajua gunia la viazi ni pesa ngapi saa hii? Nimempigia hesabu usiku, tukiweka hata kidogo tu bajeti ya kabeji imeenda. Na mtu wa kamati ashaniita pembeni kuniambia ile laini ya chumvi "inaleta picha mbaya", ati wageni wataona kana kwamba kanisa halina chumvi, na kwamba mzee aambiwe aache. Nikamwambia amwambie yeye. Hajaenda. Watumishi wenzangu wawili walikula githeri jana na sikuwaomba, mmoja alikuwa na presha akanyimwa chumvi hadharani, alinuna hadi tukafunga sufuria.

Nilikuwa nimalizie hapo niende kulala na furaha yangu lakini usingizi umekataa, na si juu ya mzee. Mama alipiga simu jioni kutoka nyumbani, tukaongea vizuri, mvua, magoti, mchungaji wao, halafu katikati tu ya stori akasema ameuza ile mbuzi ya mabaka. Ile ambayo alikataa kuuza hata mwaka ule tulikosa karo. Nikamuuliza, mama, pesa ni ya nini? Akasema netiwaki ni mbaya hanisikii. Netiwaki ilikuwa sawa, nilikuwa naskia mpaka kuku. Nimempigia kaka yangu hashiki, mteja hapatikani, na jirani naogopa kumpigia juu yeye akijua kitu soko lote la Jumatano limejua. Kesho nikifika kazini nitajaribu tena kabla kastoma waingie.