Kabla sijaiwasha seva ya printa

Jumamosi, saa kumi na mbili jioni. Ofisini nimebaki peke yangu. Dirisha la upande wa ziwa liko wazi, harufu ya dagaa wa soko la Mwaloni imejaa chumbani, na mezani nina daftari, kalamu na waya wa mtandao. Seva ya kuchapia, mashine itakayopokea kazi za kuchapa za ofisi nzima na kuzipeleka kwenye printa, bado imo kwenye boksi. Kutwa nzima nimeandika namba tu.

Asubuhi mzee alipita kuchukua funguo zake, akaliona boksi. "Kijana, mashine imekuja toka Alhamisi, mbona bado imefungwa?"

"Shikamoo mzee. Naitafutia kwanza pa kukaa."

Hakunielewa vizuri, lakini aliniacha niendelee, na ninamshukuru kwa hilo. Asiyekuwepo Jumanne ataona ninajichosha bure.

Jumanne umeme ulikatika saa tano asubuhi, ukarudi baada ya dakika chache. Kompyuta zote zikawaka, intaneti ikarudi, ila stakabadhi za mizigo hazikutoka. Dada wa kaunta anabonyeza, kazi inakaa kwenye foleni, printa imetulia na taa yake ya kijani kana kwamba hakuna anayeihitaji. Nje lori limeshafunikwa turubai. Mama mmoja mwenye magunia kumi na nane ya dagaa ndani ya lori lile akaja hadi nilipo, kitenge kimekazwa kiunoni, akaniuliza kwa upole: "Baba, karatasi yangu imepotelea wapi?" Nikamjibu, "Subiri kidogo mama, naitafuta." Nilikuwa sijui hata nianzie wapi. Mwishowe dada aliandika zote kwa mkono, na lori likaondoka saa nane mchana. Ule upole wake umenikaa kuliko kama angenifokea.

Usiku ndipo nilipoona. Aliyefunga mtandao wetu aliiacha printa iwe inapewa anwani, ile namba inayokitambulisha kifaa mtandaoni, na rauta kwa DHCP, yaani rauta inagawa yenyewe namba yoyote iliyo wazi, sawa na simu yoyote inayoingia ofisini. Kwa miezi ilikaa 192.168.1.34, na kompyuta zote zikafundishwa kupeleka kazi huko. Umeme ulipokatika rauta ikasahau nani alipewa nini. Ilipowaka ikaanza kugawa upya, na 34 ikaenda kwa simu ya dereva aliyekuwa ameketi kwenye benchi. Printa ilichelewa kuamka, ikapewa 41. Stakabadhi za mama yule zilikuwa zinapiga hodi kwenye simu ya mtu.

Seva ingekuja juu ya mtandao wa namna hiyo, ingekosea vilevile, tena kwa ofisi nzima kwa mpigo mmoja.

Kwa hiyo leo nimegawa viwanja. Mtandao wetu una anwani 254 za kutumika. Zote zinaanza na 192.168, yaani ni katika zile zilizotengwa kwa matumizi ya ndani, ndiyo maana ofisi ya Musoma au Bukoba inaweza kuwa na namba hizihizi na tusigongane. Rauta inabaki na 1. Kuanzia 2 hadi 49 ni vitu visivyohama: seva namba 10, printa tatu namba 21, 22 na 23. Simu, laptopu na wageni nimeiambia rauta iwagawie 100 hadi 200 tu, isivuke. Wapo mafundi wanaopenda kuacha rauta yenyewe iikumbuke kila printa. Mimi nimeingiza namba kwenye printa zenyewe, kwa sababu rauta ikiharibika ikaletwa nyingine, kumbukumbu yote huondoka nayo.

Kilichokula muda ni kuhakikisha viwanja vitupu ni vitupu kweli. Nilipiga ping 22, yaani niliibishia hodi namba hiyo nione kama kuna kifaa kitakachoitika, kimya. Lakini kompyuta nyingi za Windows zimefungwa zisiitikie ping, kwa hiyo ukimya si ushahidi. Nikaangalia orodha ya arp, ambayo huonyesha anwani ya IP pamoja na ile ya kiwandani yenye tarakimu na herufi kumi na mbili. Hapo ndipo nilipokuta printa ya ghorofani imeshika anwani mbili, moja ya waya na moja ya Wi-Fi. Nimezima Wi-Fi yake, ikabaki na waya.

Milango pia, yaani namba ambazo vifaa hupitishia mazungumzo yao, nimeiandika: kompyuta zitazungumza na seva kupitia 631, seva itazungumza na printa kupitia 9100. Yote miwili ni ya ndani. Hakuna wa kufunguliwa kuelekea intaneti, hata akiomba nani. Karatasi zetu zina majina ya watu na mali zao.

Swichi ya mtandao, kile kisanduku kinachounganisha waya zote, nilipoifungua kuipuliza vumbi nilikuta wadudu wa ziwani wamekufa humo, laini kama pumba za mpunga. Nimeifuta kwa brashi ya rangi, nikaihamisha mbali na taa ya ukutani, na pamoja na rauta nimeichomeka kwenye betri ya akiba iliyokuwa inatumika kwa televisheni ya mapokezi. Televisheni itavumilia.

Halafu nikakata vipande vya selotepu ya karatasi, nikaandika kwa kalamu ya wino mzito na kubandika kwenye kila printa: 21, 22, 23. Siku nikiwa nimevuka kwa kivuko cha Kamanga kwenda Sengerema na jambo likatokea, dada wa kaunta ataweza kunisomea kwa simu.

Jioni ilipoanza kuingia nikachomoa betri, nikazima swichi kuu ya umeme ya ofisi, nikahesabu hadi sitini na kuwasha tena. Nikaiendea printa ya kaunta, nikabonyeza itoe karatasi ya mipangilio yake. Ikanguruma, karatasi ikatoka ya moto: 192.168.1.21. Nimerudia mara tatu. Karatasi zote tatu nimezibana kwenye daftari, na kesho nikitoka kanisani nitafungua boksi.